Povu la Kiazi

Viazi vya Kitinda vilikuwa vimekaa kwenye chumba cha baridi tangu mavuno, na leo ndiyo ilikuwa siku yao ya hukumu. Kiazi cha kawaida kikipigwa na baridi huharibika kimyakimya: kimeng'enya kilichomo ndani hukata sukari vipande viwili, na siku ya kukaangwa kiazi hutoka cheusi na kichungu. Kiazi cha Kitinda kilizaliwa na protini inayokamata kimeng'enya hicho kisikate kitu. Kitinda mwenyewe aliiita pingu. Aliitafuta misimu na misimu, akichavusha maua kwa mkono, hadi wenzake wakambandika jina la mkunga wa viazi.

Kwenye shamba la majaribio ilibaki nafasi moja tu. Mshindani wake alikuwa mkuu wa maabara, mume wa dada yake, ambaye chini ya paa lake Kitinda alikuwa akila na kulala.

"Shemeji, mimi ni wa shambani," alimwambia wakiwa kwenye meza ya maabara na chupa zao za maji yaliyokamuliwa kwenye viazi, kila mmoja na vyake. "Hizi kazi za chupa unielekeze, nisije nikaaibika mbele ya mkurugenzi."

"Nikuache uaibike, dada yako si atanilaza nje?" Shemeji akacheka. "Tikisa kwa nguvu mpaka lijae povu. Protini ni mvivu, bila kuamshwa haifanyi kazi."

"Na yako?"

"Yangu nimeshaitikisa asubuhi. Tikisa, mama, usiionee huruma."

Kitinda alifumba macho, akamwomba Mungu asimwache peke yake, kisha akatikisa mpaka bega likamuuma. Povu jeupe lilipanda hadi shingoni mwa chupa.

Mkurugenzi, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliingia na kusimama mezani. Wakatia sukari katika kila chupa, wakasubiri, wakaongeza dawa ya buluu na kuchemsha. Ikibaki buluu, sukari haikukatwa. Ya shemeji ilibaki buluu. Ya Kitinda iligeuka kijani, ikawa njano, ikaishia nyekundu kama tofali.

"Haina kitu," mkurugenzi akasema. "Pole. Utaratibu unaujua."

Utaratibu wa pale ni kwamba mbegu iliyokataliwa huchemshwa siku hiyohiyo, isije ikachanganyika na nzima, na anayeichemsha ni yule aliyeizalisha. Kitinda alivibeba viazi vyote hadi jiko la nyuma, akavimimina kwenye sufuria. Hakulia. Alijiambia kwamba Mungu amesema hapana, na hapana ya Mungu haibishaniwi.

Shemeji alikuja akaegemea mlango. Alingoja maji yatokote sawasawa.

"Ile pingu yako ilikuwemo," akasema. "Niliipima mwenyewe zamani. Nzuri kuliko yangu."

Kitinda akageuka, mwiko mkononi.

"Povu huiua. Kimeng'enya ni sugu, kutikiswa hakukisumbui. Pingu ndiyo inayokatika."

"Shemeji, kwa nini?"

"Nafasi ni moja. Ulitaka nikupishe?"

Mwiko ulianguka. Kitinda alitumbukiza mkono kwenye maji yanayochemka, akatoa kiazi, akatoa kingine. Ganda lilimbakia vidoleni. Alibonyeza jicho la kiazi, pale chipukizi linapotokea, likabonyea laini kama ugali. Kilichoiva hakioti, alijua, lakini akatumbukiza mkono tena.

"Unajiunguza bure," shemeji akasema. Alivuta kigoda, akaokota kimoja kilichobingirika sakafuni, akakimenya na kukipuliza. "Kina unga mzuri. Lete chumvi. Vingine tutampelekea dada yako. Na usimwambie kitu, maana ukivunja nyumba yake, wewe utalala wapi?"

Mungu alikuwa anaona. Kitinda hakuwa na shaka na hilo hata kidogo, na ndilo lililomuuma kuliko mkono. Alifungua kabati kwa mkono ule mzima, akamletea chumvi.