Stendi Isiyotikisika

Mwaka jana darubini ilimwaibisha Yasini. Wazee wa Mbekenyera walipoinama kuutafuta mwezi wa Idi, stendi yake ya miti ikatetemeka, na kila mzee akaona miezi mitatu. Tangu siku hiyo mtu mzima na ndevu zake akawa anaitwa Miezi Mitatu, sokoni, dukani, hata msibani. Yasini akaapa: safari hii ama wamwamini, ama ahamie Marambo.

Akanunua bomba nene la chuma, akatafuta habu, kile kitovu cha gurudumu la lori bovu, akamwita Hemedy, fundi wa kuchomelea kutoka Ruangwa mjini.

"Uzuri wa habu, bro, inazunguka," Hemedy akamweleza. "Darubini utaigeuza kokote."

"Inacheza?"

"Kidogo tu, si ndiyo kazi yake."

"Choma isicheze."

Hemedy akaichoma habu, isizunguke tena. Kikabaki kiungo kimoja, cha kuinua na kushusha. Chini likamwagwa zege la kutosha msingi wa nyumba, likapanda hadi kiunoni. Na kabla halijakauka, Yasini akaielekeza darubini kibla barabara, maana jambo la dini haliwekwi ovyo ovyo. Majirani wakasema mashallah. Hakuna aliyeona kasoro, na wote walikuwa na akili timamu.

Jioni ya kuandama mwezi wazee wakajaa uani, kila mmoja na tende yake mkononi. Jua likazama magharibi, nyuma ya mikorosho, kule kule linakozama tangu dunia iumbwe. Darubini ilikuwa inatazama kaskazini, iliko kibla, na kilipo choo cha mzee Bakary.

Yasini akaisukuma kwa mkono, kisha kwa bega. Wapi! Hemedy ni fundi mzuri, Mungu amlipe.

"Mwanangu Miezi Mitatu," mzee Bakary akauliza kwa upole, "leo tunaandamisha choo changu?"

Wazee wakacheka mpaka tende zikawapalia. Yasini alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini hata ardhi yenyewe alikuwa ameifunika kwa zege.

Mkewe Raudha akatua bakuli la uji. Akapanda juu ya zege, akashika bomba, akachungulia juu ya mikorosho.

"Ule pale!" akasema. "Baba Zaina, panda uone."

Yasini akapanda. Akauona kwa macho yake matupu, mwembamba kama ukucha, na machozi yakamlengalenga. Wazee nao wakapanda, wakishikana kanzu, wakisukumana kama watoto. Zege halikutikisika hata chembe.

Mzee Bakary alibaki chini, magoti hayamruhusu.

"Mingapi?" akauliza.

Wazee wote walijua anamuuliza nani.

"Mmoja, mzee wangu," Yasini akajibu.



"Basi Idi kesho," mzee Bakary akasema.