Uso Uliosafishwa

Siku Fundi alipofariki, mkewe alifuta picha zake za mwisho. Hakukusudia. Mikono ilifanya kazi yake ya kila jioni huku kichwa kikiwa bado kule wodini.

Ilikuwa hivi. Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia studio, Fundi alikalia stuli mbele ya pazia la kijivu, na mkewe akasimama nyuma ya kamera kupanga taa. Taa haipangwi kwa stuli tupu. Inataka pua, inataka paji la uso, inataka mtu wa kulalamika kwamba inamchoma macho. Kwa hiyo Fundi alikaa, akalalamika, mkewe akampiga picha mbili tatu, akasogeza mwavuli wa taa, akampiga tena, mpaka kivuli cha pua kikalala mahali pake. Hapo ndipo walipobadilishana nafasi na kufungua mlango. Wateja walimzoea mwanamke huyo kwa jina la Bi Taa, na wengi hawakujua kama ana jina jingine.

Jioni ni yeye aliyechomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta, akahamisha picha za wateja, akafuta zile za majaribio. Nani ataweka picha za mtu aliyeachama akisema "sogeza kushoto kidogo"?

Siku hiyo asubuhi Fundi alikaa, akalalamika, akapigwa. Mchana akasema kifua kinambana. Kinyozi wa mlango wa pili alimwingiza kwenye gari la mteja wake, na mteja mwenyewe akaendesha, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na wa pili bado, wakakimbia naye hospitali. Jua lilikuwa halijashuka daktari alipomwita Bi Taa kando na kumwambia kwa sauti ya chini.

Akarudi studio kwa sababu funguo alikuwa nazo yeye, na taa walikuwa wameziacha zinawaka. Akazima taa. Akaketi kwenye kompyuta, akachomeka kadi, akahamisha picha za wateja wa asubuhi, akafuta zile nyingine, akafunga mlango. Ndipo akaenda nyumbani kulia na wenzake.

Hakukumbuka alichofanya mpaka matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, siku Mama alipoomba picha.

Mama alikuwa mama mzazi wa Fundi. Aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe, chumba cha uani, na hakuwa mtu wa kuombaomba. Alisema neno moja tu wakati wa chai: "Mniwekee mwanangu hapo ukutani, niwe namwona nikipita."

Jambo dogo hilo, mtu angedhani. Nyumba ya mpiga picha ikose picha? Wifi, dada yake Fundi, akanunua fremu kubwa yenye kioo. Bi Taa akachapisha picha nzuri kuliko zote, ile ya shati jeupe, akamletea mama mkwe wake kwa mikono miwili. Mama akaipeleka dirishani penye mwanga. Akaitazama muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Mama jamani," wifi akasema. "Si mwanao huyo."

"Mwanangu jicho lake la kushoto halikuwahi kuamka vizuri tangu nimzae. Kope lilimlalia hivi, kama mtu anayekusikiliza nusu. Huyu macho yote mawili yameamka. Na ule mkunjo wa hapa uko wapi? Huyu ni kijana wa tangazo la sabuni."

Wifi akacheka, kisha kicheko kikamgeukia kilio, akatoka nje kwenda kujifuta.

Bi Taa akaleta nyingine. Akaleta na nyingine. Zote zilikuwa za yule yule kijana wa sabuni, kwa maana kazi yake Bi Taa, mbali na taa, ilikuwa kusafisha picha. Alitoa chunusi, akalainisha mikunjo, akang'arisha weupe wa macho; bibi harusi alitoka kwake kama yai lililomenywa. Na picha za mumewe alizisafisha kwa mapenzi zaidi. Kope akaliinua. Mkunjo akaufuta. Kovu la kidevuni, alilolipata utotoni kwa kuanguka kwenye ngazi, nalo akalifukia. Kompyuta yao ilikuwa ya zamani, tumbo lake dogo; picha ikishasafishwa, ile ya kwanza ilifutwa ili kuipisha nyingine. Fundi alikuwa akipita nyuma yake anamchungulia begani.

"Mke wangu ananipenda jamani," angesema. "Ananipenda mpaka hanitaki."

"Toka hapa. Unataka watu waseme mpiga picha mwenyewe ana sura ya godoro la wageni?"

"Ndiyo sura yangu. Wewe umeolewa na huyo wa kwenye kompyuta, mimi nalala na nani?"

Wangecheka, na kazi ingeendelea.

Wakatafuta kwenye simu za ndugu. Kwenye harusi na sherehe zote Fundi alikuwapo, lakini kazini, kamera imemfunika uso, kama mtu aliyeota pua ya chuma. Alipoulizwa zile za majaribio ya asubuhi, Bi Taa alisema, "Nilizifuta." Wifi akauliza, "Zote? Miaka yote hiyo?" Akasema, "Kila jioni." Wifi, Mungu ambariki, hakuuliza juu ya jioni ile moja.

Mtaalamu wa kompyuta aliyepewa ile kadi aliirudisha akitikisa kichwa. Studio ilikuwa imeshafunguliwa tena wakati huo, watu wanahitaji picha za pasipoti na maisha hayangoji, na kadi ilikuwa imepokea sura nyingi juu ya ile iliyofutwa. "Pole, dada," akamwambia Bi Taa. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Mama hakumlaumu mkwe wake. Alisema tu, "Basi, yaishe," na fremu ikasimama tupu pembeni ya kabati, imegeuziwa ukutani. Lakini kwa Bi Taa hayakuisha. Kulikuwa na jambo lililomtisha ambalo hakumwambia mtu. Akifumba macho kumkumbuka mumewe, aliyekuja ni yule msafi. Shati jeupe, macho yote yameamka, kidevu laini. Alijitahidi kumrudishia kope lake, akaliteremsha kwa mawazo, likapanda tena lenyewe. Alikuwa amelala kitanda kimoja na uso ule karibu nusu ya maisha yake, na sasa anaupoteza kwa kazi ya mikono yake. Akawa hataki kufumba macho. Usingizi ukawa wa kuibia, na mchana alitembea kama mtu aliyebeba gunia ambalo hakuna wa kumtua.

Kazi nayo ilimkataa. Alipanga taa kwa kukisia. Alisimama nyuma ya kamera, akafumba jicho moja, akawaambia watu watabasamu, nao wakatabasamu, na picha zikatoka za wafu. Kinyozi, ambaye tangu msiba alikuwa anaingia kila mara kuangalia kama shemeji amekula, alizitazama zikiwa zimeanikwa dirishani akakuna kidevu.

"Shemeji, nikwambie ukweli?"

"Nisipotaka utaacha kuniambia?"

"Hawa watu wanaonekana kama wamekamatwa. Huyu hapa kama anasubiri hakimu."

"Ndivyo walivyokuja."

"Hapana. Huyu mimi nimemnyoa jana, ni mtu wa maneno mpaka wembe unachoka. Marehemu alikuwa anawafanya nini?"

Bi Taa alikuwa kwenye taa siku zote, anatazama vivuli. Kinyozi alipotoka, yeye akafungua mafaili ya zamani, yale ya wateja ambao hawakurudi kuchukua picha zao na kwa hiyo hazikusafishwa, aone kilichofanyika.

Aliona jambo ambalo alikuwa analijua muda wote bila kulitazama. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anatazama kamera. Wote macho yao yalikuwa juu yake kidogo, upande wa kulia. Fundi hakuwa akijificha nyuma ya kamera akiwa studio. Aliiweka kwenye miguu yake mitatu, akaipima mara moja, kisha akasimama kando yake, mkono mmoja juu ya kitufe kama mtu aliyeegemea bega la rafiki, akaanza mazungumzo. Wateja walilalamika. "Mbona sitazami kamera?" Naye aliwajibu, "Kamera ina nini cha kutazama? Anayekuona ni mimi." Angewachokoza, angewauliza habari za watoto, angewabishia mambo asiyoyajua. Na uso wa mtu ulipomjibu, kabla mdomo haujafika, kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Aliendelea kuzifungua. Muuza duka anacheka na meno yaliyopungua. Mwalimu mstaafu amekasirika kweli kweli. Msichana wa hospitali, amechoka, anataka kusema jambo. Hawa hawakuwa wamekamatwa. Walikuwa na mtu.

Halafu akafungua moja, akakuta Mama.

Aliikumbuka siku hiyo. Mama alihitaji picha ya kadi ya matibabu, akaja studio akiwa amevaa kanga ya jikoni, akakataa kubadilisha, akakataa kupakwa poda, na mwisho akamwelekeza mkwe wake kidole: "Na wewe usiguse mikunjo yangu. Nimeitolea jasho." Haikuguswa. Picha ndogo ikakatwa kwa ajili ya kadi, kubwa ikabaki humo. Mama ametoa kidevu mbele. Mdomo uko katikati ya neno. Macho yamekazwa juu kidogo, upande wa kulia, yana ukali wa mtu anayegomba, na chini ya ukali kuna kitu kingine ambacho mtu hawapi wageni.

Bi Taa hakuigusa. Aliichapisha kubwa kama ilivyo, akafunga studio mapema, akaenda nayo nyumbani.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akajifuta mikono, akaichukua, akaipeleka dirishani kama ile ya kwanza. Safari hii hakuuliza huyu nani.

"Hapa namwangalia," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuwa namgombeza. Nilimwambia, mbona umekonda hivi, mkeo hakupi chakula?"

"Nilikuwapo, Mama. Nilishika taa."

"Basi unajua alivyonijibu."

Bi Taa alijua, lakini hakuwa amelikumbuka mpaka lilipoitwa. "Alisema, Mama, nimekonda kila mahali isipokuwa kope hili."

"Akalivuta na kidole!" Mama akasema. "Akalivuta hivi, mpumbavu yule, mtu mzima na ndevu zake!"

Akalivuta la kwake kuonyesha. Bi Taa akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wodini, kicheko kikatoka na sauti mbaya, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Na alipokuwa anacheka alimwona. Alimwona mahali alipokuwa amesimama, bega limeegemea kamera, kope limelala, kovu kidevuni, mkunjo ule ule, anamtazama mama yake kwa jicho moja zima na jingine nusu. Akafumba macho aone kama atakimbia. Hakukimbia.

Wakakaa hapo, mchele katikati yao, hakuna aliyeuchambua.

"Lete ile fremu," Mama akasema.

Wifi alipofika jioni na kukuta picha imeshatundikwa, alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Mama! Unajitundika mwenyewe ukiwa hai? Hiyo ni nafasi ya marehemu. Watu watasema nini?"

"Waseme. Midomo ni yao."

"Lakini tulisema tunamweka kaka."

"Ndiye huyo," Mama akasema. "Nikipita hapo nasimama anaposimama yeye. Wewe pita uone."

Wifi alimtazama Bi Taa, kama kumwuliza kama bibi kizee ameanza kuchanganyikiwa. Bi Taa akamwambia, "Pita, wifi." Wifi akaweka mkoba chini, akapita mbele ya picha polepole, akasimama, akarudi hatua nyuma, akasimama tena pale macho ya mama yake yalipompata. Baadaye aliomba naye achapishiwe moja.

Uchovu haukuondoka. Bi Taa bado anaamka mwili mzito, na kazi bado ni ya mtu mmoja katika nafasi ya wawili. Amejifunza kusimama kando ya kamera badala ya nyuma yake, na kuwauliza watu habari zao, ingawa hana kipaji cha uchokozi na mara nyingi wanaishia kumfariji yeye. Baadhi ya picha hutoka. Nyingine hazitoki.

Ile ya Mama bado iko ukutani. Mgeni asiyeifahamu vizuri familia akija kutoa pole, husimama mbele yake, hutikisa kichwa, husema marehemu anaonekana alikuwa mtu mkali lakini mwenye moyo mwema, Mungu amlaze pema. Mama, aliyekaa kwenye kochi la nyuma, humwacha amalize, kisha hukohoa.