Wimbo wa Mama Mitchel

Kwamba hakumjua yule mwanamke aliyekuwa akimenya viazi karibu na tangi la maji, hilo halikumsumbua Zipporah. Kesho yake ilikuwa siku ya kumkumbuka mumewe, Jairus, mwaka mmoja tangu azikwe, na boma lake la Matete lilikuwa limejaa watu waliotoka maktaba ya Kakamega mjini kuja kusaidia kupika. Kilichomsumbua ni kwamba mwanamke yule alikuwa akiimba puani, mdomo umefungwa, na wimbo wenyewe ulikuwa wa Zipporah.

Wake kabisa. Jairus alimtungia wakati wa uchumba, tena bila maneno, kwa kuwa kila neno alilojaribu, alisema, lilikuwa dogo. Aliuimba jikoni Jumamosi alasiri, akirudi kutoka mjini alikofanya kazi ya maktaba na kupanga chumba siku za wiki. Watoto waliujua, lakini hawakuugusa. Ulikuwa wa mama.

Zipporah akaweka sufuria chini.

"Huo wimbo umeutoa wapi?"

Mwanamke akainua uso, akatabasamu vizuri tu, na hapo ndipo alipozidi kukosea. "Si ni wa mzee, mama? Kila jioni nilikuwanga nausikia." Kisha mtu akaita kutoka jikoni, "Maurine, leta hiyo viazi!" naye akajitwika beseni akaenda zake.

Kila jioni. Mtu mwingine angemfuata amuulize jioni zipi, na wapi, na mambo yangeishia hapo. Zipporah hakuwa mtu mwingine. Alikuwa na kiburi cha mke aliyeheshimiwa soko zima, na kiburi hicho hakikumruhusu kumuuliza mgeni habari za mumewe mwenyewe. Akainama juu ya jiko akapuliza moto uliokuwa ukiwaka vizuri bila kupulizwa.

Jairus alikuwa mtu wa muziki mpaka ukachoka naye. Redio yake ilikula betri kuliko taa za nyumba nzima. Siku moja alitumwa sokoni na mbuzi, akasikia nyuzi za litungu zikipigwa kwa jirani, akaingia kusikiliza. Alipotoka, mbuzi alikuwa amemaliza maharagwe ya watu. Wanawe aliwafundisha kuimba sauti nne kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Zipporah alimgombeza kwa hayo yote na alimpenda kwa hayo yote, na sasa alikaa akijiuliza kama alikuwa akipenda nusu ya mtu.

Jioni Maurine akawamiminia wazee chai, akacheka akikumbuka. "Mzee Jairus hangekunywa hii ya maziwa. Yeye alikuwanga ni wa strungi tu."

Zipporah, aliyemchemshia Jairus chai ya maziwa maisha yao yote ya ndoa, akasukuma kikombe chake kando. Jescah, dada ya marehemu, ambaye jambo kama hili haambiwi mara mbili, alikuwa tayari amesogeza kigoda chake.

"Mulamwa," akamnong'onezea wifi yake, "huyu msichana anajua ndugu yangu sana."

"Walifanya kazi pamoja."

"Hata mimi nilifanyanga kazi na watu. Hakuna mwenye anajua chai yangu."

"Nyamaza, Jescah."

Jescah akanyamaza, lakini kwa namna ya mtu anayeendelea kusema. Zipporah alilala akiwa na hasira na maiti, na hakuna hasira inayochosha kama hiyo, kwa sababu hujibiwi. Kesho angesimama mbele ya watu kama mjane aseme Jairus alikuwa mume wa namna gani. Angesema nini? Amsifu, na yule mwanamke amekaa pale akijua mengine? Kabla hakujakucha alikuwa ameamua. Hangesema neno. Angeuimba ule wimbo, ausikie kila mtu, na macho yake yangekuwa juu ya uso wa Maurine. Uso ukibadilika, basi angemwambia atoke bomani mwake, mchana kweupe, Jairus aaibike hukohuko aliko.

Watu walijaa hema. Walikuwa walimu, makarani, wanafunzi wa zamani waliokwisha kuwa na vitambi, hata askari mmoja mwenye sare. Mchungaji alipomaliza, Mitchel, binti wa Zipporah, akampa mama yake kipaza sauti. Zipporah akamtafuta Maurine, akampata safu ya tatu. Akafunga mdomo, akaanza.

Sauti ikapanda, ikapanda tena, ikateremka polepole. Uso wa Maurine haukubadilika. Maurine aliinama tu akachukua mkoba wake.

Anakimbia, Zipporah akawaza. Lakini karani aliyekaa kando ya Maurine naye alikuwa akiingiza miwani kwenye kikasha chake. Mwalimu mmoja akakunja karatasi ya ratiba. Askari akasimama, akasukuma kiti chake cha plastiki mbele taratibu kana kwamba kuna meza ya kukiingiza chini yake. Nusu ya hema ilikuwa imesimama, kimya, mikoba mikononi, kabla hawajatazamana na kugundua walichokifanya. Mmoja akacheka. Wengine wakaanza kulia.

"Ni nini?" Zipporah akauliza, kipaza sauti bado kiko mdomoni. "Mnaenda wapi?"

Ni Maurine aliyejibu, machozi yakimtiririka. "Mama, hiyo ndiyo ilikuwanga kengele yetu. Saa ya kufunga maktaba mzee alipita katikati ya meza akiimba hivyo, basi tunajua ni kufunga vitabu. Tulimuuliza kwa nini hapigi kengele kama watu wengine. Akasema huu ni wimbo wa Mama Mitchel, akiuimba anaonanga kama ameshafika Matete."

"Na hiyo chai?" Jescah akadakia kutoka nyuma.

"Kule hakukuwanga na maziwa," akasema Maurine.

Zipporah akasimama pale akiona haya, na furaha, na hasira kidogo pia, lazima isemwe. Wimbo alioulinda hata watoto wake wasiuguse, kumbe Jairus alikuwa ameuazimisha kwa mji mzima. Aliwatazama watu wale, kila mmoja amebeba kipande cha jioni ambazo yeye hakuwahi kuwamo, na bado hakuna aliyekuwa ameketi.

"Akimaliza kuimba," akauliza, "alikuwa akisema nini?"

Maurine akasitasita. "Alisemanga, haya, tuonane kesho."

Zipporah akafungua mdomo awaambie vilevile, kama alivyowaambia Jairus. Neno la mwisho, kesho, likakataa kutoka.

"Ketini," akasema. "Msiende kwanza."