Fremu ya Mwisho ya Mzee Kufuli

Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, kaka wa mchoraji alikufa mara nyingi kwenye zulia la sebuleni. Alikufa kwa risasi, kwa homa, kwa kuanguka kutoka juu ya paa, na mara moja kwa mapenzi, kifo kilichokula mchana kutwa kwa sababu hakuridhika na namna mkono wake ulivyolala. Mchoraji, dada yake, alikaa kwenye kigoda, ubao wa kuchorea magotini, akimwambia ageuze shingo, afumbe jicho moja, aache kucheka. Akishachorwa, kaka huinuka, hujipangusa suruali na kuulizia chai.

Safari hii hakuinuka. Alifia hospitali, kitandani, amenyooshwa vizuri mno, mikono sambamba juu ya shuka. Mchoraji alisimama mlangoni akaona aibu kubwa kwa wazo lililomjia: kwamba hakuna mtu anayekufa hivi, kwamba angemwambia arudie.

Ndivyo walivyokuwa wakifanya kazi. Kaka alitunga, dada alichora. Hadithi yao ya picha ilitoka kila wiki kwenye ukurasa wa nyuma wa gazeti, ikimhusu Mzee Kufuli, mlinzi wa bohari ambaye kwa ukali wake wote hakuwahi kumkamata mwizi hata mmoja. Kabla ya kuandika neno lolote, kaka aliigiza kila kitu. Alikuwa Mzee Kufuli, alikuwa mwizi, akajifunga shuka kiunoni akawa mama muuza mkaa anayemsuta mlinzi kila asubuhi. Dada alichora mwili uliokuwa mbele yake, kisha akaubadilisha sura. Wasomaji walimsifu kwa mkono mwepesi, naye akazipokea sifa hizo kama mtu anayezistahili.

Ilibaki sura ya mwisho. Kaka alikuwa ameshamsimulia, wakicheka wote wawili wodini: bohari inafungwa, Mzee Kufuli anaambiwa aende nyumbani, na katika fremu ya mwisho anainuka kwenye kiti chake cha getini. Basi. Hakuna kiputo cha maneno, hakuna maelezo.

"Ukiichora vizuri watalia," alisema kaka. "Ukiichora vibaya watadhani anakwenda chooni."

Aliichora vibaya. Mhariri wa gazeti, mtu mpole asiyependa kumuumiza mfiwa, aliitazama kazi ile kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Nisamehe," alisema. "Huyu mzee amesimama kama anapigwa picha ya pasipoti."

"Nitamrekebisha."

"Najua. Lakini asipokaa sawa kufikia Ijumaa, itabidi tuweke taarifa fupi tu kwamba hadithi imekoma. Wasomaji wataelewa. Hakuna atakayekulaumu."

Hilo la kutolaumiwa ndilo lililomkata maini. Kazi ya kaka yake ifungwe kwa taarifa fupi, kama tangazo la kukatika kwa maji. Alirudi nyumbani akachora na kufuta mpaka karatasi ikaota manyoya. Alijaribu kuinuka yeye mwenyewe mbele ya kioo, lakini anayejitazama hawezi kuinuka kama mtu asiyetazamwa. Akamtafuta kaka yake akilini, na kilichomjia ni michoro yake mwenyewe ya zamani, mmoja juu ya mwingine. Ndipo alipoogopa kwelikweli. Pengine hakuwahi kusimulia chochote. Pengine alikuwa mtu wa kunakili tu, na aliyekuwa akinakiliwa ameondoka.

Alhamisi mchana wifi yake, mjane wa kaka, alikuja kurudisha sufuria alizoazima wakati wa msiba. Alizitua sakafuni, akaiona karatasi mezani, akainama.

"Huyu nani?"

"Mzee Kufuli. Anainuka, anaondoka."

"Hainuki hivi."

"Wifi, huyu ni mtu wa gazetini."

"Usinichezee," wifi alisema kwa sauti ya chini. "Kila mtu mle ndani ni mume wangu. Yule mwizi ni yeye. Yule mama wa mkaa ni yeye, mpaka anavyobinua kiuno. Unadhani kwa nini tangu tumzike sijalifungua gazeti?"

Mchoraji aliitazama upya karatasi yake. Miaka yote alidhani amechora watu wengi.

Wifi alivuta kiti kilichokuwa karibu na dirisha. "Tazama. Nilikuwa namwigiza hivi kumkera, ananuna siku nzima." Akaketi, kisha akaanza kuinuka. Kwanza alishusha pumzi. Kiganja kikashika goti la kulia, lile bovu, makalio yakatangulia kupaa kabla ya mgongo, na alipofika nusu akageuza kichwa akakitazama kiti kwa lawama, kana kwamba kimemzuia makusudi. Mchoraji alicheka. Huyo alikuwa kaka yake hasa.

"Hapo hapo, wifi. Usimalize kuinuka."

Akachukua penseli. Alianza kwa pupa, akimsaka kaka ndani ya mkao ule, na mistari ya kwanza ikatoka mibovu kama ya jana. Akafuta. Akatazama tena, safari hii kile kilichokuwa mbele yake. Mabega hayakuwa ya kaka. Yalikuwa membamba, moja limeshuka kuliko jingine. Kiganja kilibana goti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, vidole vimejikunja kwenye kitambaa cha gauni. Na ile shingo haikuwa tena na lawama. Kadiri ilivyoendelea kukaa pale, ndivyo ilivyozidi kuwa shingo ya mtu anayetazama mahali palipobaki wazi. Kaka hakuwahi kumpa hili, wala hakuna aliyemwagiza alichore. Mkono wake ulipunguza mwendo. Aliyachora mabega yale kama yalivyo, akampa Mzee Kufuli, na mzee akayapokea.

"Lile goti lilikuwa linamuuma kweli," wifi alisema bila kugeuka. "Mimi nilijua anadeka."

"Na mimi."

"Hakuwahi kukwambia?"

"Nilikuwa namwambia asitikisike."

 Nje mtu alikuwa akiosha pikipiki, na maji yalisikika yakichuruzika kwenye saruji. Paja la wifi lilianza kutetemeka kidogo, ila hakuketi.

"Bado?" aliuliza.

Mchoraji aliitazama karatasi. Mzee Kufuli alikuwa amekamilika. Hapakuwa na mstari wa kuongeza wala wa kupunguza, na hata kama mhariri angeukataa mchoro huo, yeye asingeugusa tena. Akainua macho akamtazama wifi yake, amejikunja pale, si wa kukaa si wa kusimama, ameushika mwili wa marehemu usidondoke.

"Bado kidogo," alisema.

"Haya."

Penseli ilikuwa imelala mezani muda mrefu, mahali ambapo wifi angeiona bila shida. Hakuuliza tena, wala hakumaliza kuinuka.