Mshono Uliosimama

Audace aliingia dukani kwangu asubuhi ile akiwa ameubeba mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemrudishia mwenyewe kitu cha kuazima. Akauweka taratibu juu ya meza yangu, kati ya visigino vya viatu na mikebe ya gundi, kisha akaketi. Mfuko wa mipira aliuacha uanguke miguuni pake.

"Minane, muzehe," alisema. "Naitaka kabla ya Jumamosi. Na uikaze kama zamani."

"Umelala wewe?"

"Nimelala nimekaa. Nikiegemea ubavu, bega linaniamsha."

Hakuwa na harufu ya pombe. Hilo lilinitisha kuliko siku alizokuwa akija akipepesuka. Mlevi hufika mahali akachoka. Huyu alikuwa ameamua.

Jumamosi hiyo shule moja ya Kicukiro ingechagua mwalimu wa besiboli, na Audace alikuwa amesikia kwamba kila mwombaji angerusha mipira mbele ya kamati. Kwa wiki tatu alikuwa akirusha mia mbili kwa siku, peke yake, akilenga ukuta wa ghala lililofungwa. Siku moja kabla ya asubuhi ile, mkewe Béatha alikuwa amepanda basi kutoka Batsinda, alikohamia na binti yao, akaja kusimama mlangoni pangu bila kukubali kiti. Daktari amesema nyama inayoshika bega imechanika, aliniambia, imebaki kipande chembamba tu. Ikikatika, hatainua hata kikombe.

"Mimi hanisikii," alisema. "Vifungo vya shati namfungia mimi nikienda kumwona, halafu ananiambia mkono mzima. Wewe anakuheshimu. Mwambie aache."

Nilimjibu kwamba nitaongea naye. Cha kumwambia nilikijua. Nilikuwa nimekijua kwa miaka kumi na minne.

Watu wengi wa mtaa wetu wa Biryogo hawaujui mchezo wenyewe, lakini Audace walimjua. Mrushaji ndiye anayesimama peke yake katikati ya uwanja na kumtupia mpira mtu aliyeshika gongo. Akiwa hodari, yule mwenye gongo hupiga hewa. Mpira wa Audace ulikwenda umenyooka mpaka hatua mbili za mwisho, halafu ukapinda na kuzama kama uliokanyaga shimo. Vijana wenzake walimbeba mabegani kutoka uwanjani hadi kwenye migahawa ya chai huku kwetu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ametoka Bujumbura na Kiswahili chake cha mtaa wa Buyenzi na sanduku moja, na kila meza ilimwita.

Mipira ilikuwa imekuja katoni moja tu, zawadi ya wageni. Ilipochakaa, waliniletea mimi. Sikuwa nimewahi kuuona mpira wa namna ile. Nikaukata uzi, nikayahesabu matundu, mia mbili na kumi na sita, nikayaandika kwenye daftari langu na kuuchora mwendo wa uzi, maana sipendi kugusa kazi nisiyoielewa. Uzi wa kiwandani niliuona wa kizembe, mwembamba na umelala. Nikatumia wa kushonea soli, niliouvuta kwenye nta, nikaukaza kama ninavyokaza kiatu kitakachotembea matopeni. Mshono ukasimama kama kovu. Nikawaambia vijana, bila aibu, kwamba mpira wangu unaushinda wa kiwandani. Audace aliushika, akautupa mara moja, akarudi anacheka.

"Huu unanisikia, muzehe."

Kisha wakaenda mashindanoni Kampala, na huko mipira ilikuwa mipya. Haikupinda. Wapinzani waliipiga siku ya kwanza, wakaipiga ya pili. Ya tatu akarusha kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, na kitu kikakatika begani. Aliporudi aliniletea mpira mmoja wa kule, haujaguswa, kunionyesha kwamba alinikumbuka. Nikapitisha kidole gumba juu ya mshono wake. Ulikuwa umelala kama shuka iliyopigwa pasi. Nilielewa pale pale, mdomo wangu ukiwa bado unasema asante.

Ningeweza kumwambia siku ile. Ningemwambia: si mkono wako uliokuacha, ni uzi wangu. Lakini ningekuwa nimesema pia kwamba mimi, fundi ambaye mtaa mzima unamwachia viatu vya harusi, nilikosea kazi kisha nikajisifia kosa. Nikajiambia atasahau. Hakusahau. Alitafuta mkono wake wa zamani uwanjani, baadaye chupani. Timu ikamwacha, kazi ya bohari ikamwacha, mwishowe Béatha akachukua mtoto. Kila hatua niliitazama nikiwa nimeketi hapa, nashona.

"Mbona huanzi?" Audace aliniuliza. "Leo ni Alhamisi."

Nilifungua droo na kuutoa mpira wa Kampala. Ulikuwa umegeuka rangi ya maziwa ya zamani. Nikauweka karibu na mmoja wa ile minane niliyoishona zamani.

"Fumba macho," nilimwambia.

"Muzehe, sina muda wa michezo ya watoto."

"Fumba."

Akafumba. Nikamwekea wangu kwenye mkono wa kushoto, nikangoja aupapase. Nikauchukua, nikampa wa kiwandani. Vidole vyake viliutafuta mshono, vikapita juu yake, vikarudi kuutafuta tena. Vikasimama.

"Niliikaza kupita kiasi," nilisema. "Yote. Tangu wa kwanza. Mshono ukisimama hivyo, hewa inaushika na mpira unapinda. Kampala uliwarushia mpira ambao hukuwahi kuushika. Mkono wako haukuwa na kosa, Audace. Unachokitafuta pale ukutani hakikupotelea begani."

Hakufumbua macho. Nje msichana wa mgahawa alikuwa akipanga viti vya plastiki kwenye barabara iliyofungiwa magari na kupakwa rangi, na nilisikia kila kiti kikigusa chini.

"Umejua lini?"

"Siku uliyoniletea huo."

"Ukaniambia asante."

"Ndiyo."

Akafumbua macho, akaniangalia kama anayejaribu kukumbuka jina langu. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Nimekunywa kwa sababu ya mkono huu," alisema polepole. "Niliupiga mlangoni, unajua? Mwaka ule mtoto alipozaliwa. Niliuchukia, nikaupiga mlangoni mpaka Béatha akalia." Akauweka mpira wa kiwandani mezani. "Kumbe hata ule ushindi haukuwa wangu. Ulikuwa wako."

"Hapana. Nilishona mipira ya timu nzima. Wote walirusha mipira ileile. Aliyeupinda ni wewe peke yako."

"Usinipake mafuta, muzehe."

"Sikupaki. Nimekudanganya miaka kumi na minne, leo nimechoka."

Alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. Alijaribu kusimama, mkono ukagonga ukingo wa meza, akarudi kuketi na uso umemkauka. Nilizunguka meza nikamshika koti. Kwa mara ya kwanza aliniacha. Nilimtoa mkono kwenye koti sentimita baada ya sentimita, nikakata ukanda mpana wa turubai ninaoutumia kwa mikoba, nikamfunga mkono kifuani na kufunga fundo nyuma ya shingo. Aliegemeza kichwa ukutani, kati ya viatu vilivyoning'inia, na sikujua kama amelala au amefumba macho asinione.

"Na Jumamosi?" nilimuuliza.

Nikachukua simu nimpigie Béatha, nikaishika tu. Ningemwambia nini? Kwamba nimeongea naye, ndiyo. Kwamba ameacha, sikuweza kuapa.

Karibu na adhuhuri Mutoni, mwenye mgahawa wa ng'ambo, aliingia na viatu vyeusi vya binti yake, vya kipaimara, soli zimefunguka mdomo. Alimwona Audace, akatikisa kichwa.

"Huyu naye. Amelewa tena asubuhi yote hii?"

"Hajalewa," nilisema. "Anaumwa mkono."

"Ule mkono? Si ulimharibikia zamani? Watu wanasema alijivuna, Mungu akamnyang'anya."

Kope za Audace zilitikisika. Au labda ni kivuli cha mtu aliyepita mlangoni.

"Hakujivuna yeye, nilijivuna mimi," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, hata fundi saa wa mlango wa pili akanyamazisha redio yake. "Nilimshonea mipira vibaya. Nikajua, nikanyamaza. Mkono ule niliuharibu mimi."

Mutoni alibaki amesimama. Alimtazama Audace, akanitazama mimi, halafu akavitazama vile viatu alivyokuwa amevinyoosha nusu kuelekea meza yangu, na sikuunyoosha mkono kuvipokea; aamue yeye kama bado ataniamini navyo.