Samaki Hawahami

"Nakwambia harufu haitoki kwangu!" Bi Fundi alifoka, akiwa kwenye cherehani yake.

"Haitoki kwako? Kwani mimi ndiye niliyefuga bahari sebuleni?" Mama Mapacha, jirani wa chini, alikuwa keshapanda ngazi zote, mkono mmoja kiunoni, mwingine una mwiko. "Wanangu wanakula wameziba pua!"

Nyuma yake alisimama msimamizi wa jengo, mzee mpole anayeogopa ugomvi kuliko paa linalovuja. "Bi Fundi, nimevumilia sana. Ikifika saa kumi bado linanuka, naita wabebaji waje walitoe hilo tangi la samaki."

"Halitoki." Bi Fundi alichomoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye gauni alilokuwa akilishona. "Matumbawe yale niliyalea tangu yakiwa kama kifungo cha shati. Miaka mitano! Ukiyabeba kwa ndoo umeyaua. Anayetaka kuyatoa aanze na mimi."

Maneno mazito, lakini moyoni alijua. Harufu ilikuwepo, na pua yake haikuwa na ubia na mdomo wake.

Akapiga magoti, akafungua kabati chini ya tangi. Humo ndimo mlimokuwa na tangi dogo la kusafishia: maji hushuka kutoka juu, hupita kwenye soksi ya kuchujia, kisha kwenye mtambo unaonasa uchafu kwa povu, kisha kwenye mwani unaomulikwa taa, nao hula uchafu ulioyeyuka, halafu pampu huyarudisha juu. Leo soksi ilikuwa imeziba kwa tope. Kikombe cha povu, ambacho hujaa kwa wiki nzima, kilikuwa kinafurika uji wa kahawia unaonuka kama yai viza. Akapima maji kwenye kichupa kwa matone ya dawa. Yakawa mekundu kama pilipili: chakula kimezidi, kinaozea majini.

"Mimi nawapa samaki chembe za chakula asubuhi, basi," alisema, akiwageukia wateja watatu waliobanana kwenye benchi wakisubiri nguo zao. "Nani mwingine anawalisha?"

Mmoja akakung'uta makombo mapajani haraka.

"Mimi kidogo tu, dada," alisema wa kwanza, bibi harusi mtarajiwa. "Walinikodolea macho."

"Ningekulaje biskuti mbele yao?" akasema wa pili. "Wewe mwenyewe husema humu hali mtu peke yake."

Wa tatu alionyesha kidole mlangoni. "Na huyo je?"

Mama Mapacha akashusha mwiko. "Ee, huwarushia nikija kugombana. Sasa nigombane na watu wenye njaa?"

Hata mzee alicheka. Bi Fundi hakucheka. Alizima pampu, akamwaga kikombe, akakisugua mpaka kikang'aa. Akabadilisha soksi, akafyonza tope, akapunguza mwani. Maji mapya ya chumvi aliyoyakoroga tangu jana yakapitishwa ndoo kwa ndoo, bibi harusi mbele, msimamizi nyuma.

Saa kumi mzee akainama, akanusa mara tatu. "Chumvi tu. Lakini hii ni leo, Bi Fundi. Kesho je?"

Alipima tena. Wekundu ulikuwa umepauka, haujaisha. Hakuuficha; alikiinua kichupa dirishani wote waone. "Maji hayaponi kwa siku moja. Siku tatu samaki hawapewi kitu, na mkebe wao wa chakula umo kwenye droo ya cherehani, ufunguo ninao mimi. Lakini sikiliza, mzee. Tangi linabaki. Wateja wanabaki. Na mlango wangu sitaufunga ili nyumba ionekane safi. Kama hilo hulitaki, ita wabebaji wako sasa hivi, nipo."

Mzee aliangalia magoti ya Bi Fundi yaliyolowa. "Nitakuja kunusa kila Jumatatu."

"Njoo hata kila siku."

Mama Mapacha alikuwa ameshika kitasa, hajui aondoke na ushindi au na aibu.

"Wewe unakwenda wapi?" Bi Fundi akamfokea. "Chungu kimeiva jikoni. Waite mapacha, ingieni tule."