Aifoni Haina Kikadi

Saumu, dada yangu wa Kigoma, ndiye alinitumia ile aifoni. Bantu ba hapa Baraka bakanisifu, na mi nikavimba kichwa. Sikuogopa kitu. Heri ningeogopa mapema!

Telefone yangu ya zamani, Android ya kawaida, ilikuwa na kikadi cha kumbukumbu. Picha zote za mudogo wangu Mahmudu, askari wa serikali, nilizitia humo. Kila mara nikipanda kwenda Fizi, nilikichomoa na kukiacha nyumbani mu kopo ya sukari. Kila muntu huku anafagia telefone yake, anaondoa picha na namba, mbele ya safari, maana bale benye bunduki banaopigana na serikali bakifunga barabara, telefone ndiyo banauliza kwanza. Ukiwa na ndugu askari, umekwisha.

Lionel, fundi wa telefone pale soko, akanihamishia kila kitu mu aifoni.

"Mama Riziki, hakuna kilichobaki," akasema, anacheka. Nikacheka naye. Mujinga mi!

Siku ya tatu nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Fizi, kumuona Mahmudu. Alikuwa kule mu likizo, bila gwanda. Kufika kona moja, bantu batatu na bunduki. Nikashuka. Nikajiambia, tulia, kikadi kiko mu sukari. Ndipo nikakumbuka: aifoni haina kikadi. Lionel aliingiza vyote ndani.

"Telefone. Fungua."

Nikafungua. Mukubwa wao akaingia mu picha. Mahmudu mu gwanda. Mahmudu na bunduki. Nikanyoosha kidole nifunge, nikatafuta pale chini kitufe cha kurudi nyuma, kile nilichozoea. Hakiko! Akanipiga mukono.

"Huyu nani?"

"Mudogo wangu. Alikufa." Mungu anisamehe, nilimuzika muzima.

"Wapi?"

"Lubondja. Mwaka jana."

Akaniangalia sana. "Pole, mama," akasema, akaninyooshea telefone. Sijaishika bado, ikalia mu mukono yake. Uso wa Mahmudu ukajaa kioo kizima, na jina lake juu.

"Marehemu yako anapiga." Akabonyeza, sauti ikatoka inje.

"Yaya, dada yangu, umechelewa. Natoka Fizi sasa hivi na moto, nakuja kukupokea."

"Usikuje!" nikapiga kelele. "Mahmudu, rudi nyuma! Rudi!"

Bakanipiga kitako cha bunduki, meno yangu mawili yakabaki pale. Kisha bakaniacha nirudi Baraka kwa miguu. Mahmudu alisikia, akageuza moto. Yuko muzima, Mungu asifiwe.

Lakini aifoni balibaki nayo. Kikadi ningekitafuna, ningekimeza pale pale. Sasa uso wake, namba yake, picha ya nyumba yetu na batoto wangu bamesimama mulangoni, vyote viko kwao, na aliyebafungulia ni mi mwenyewe. Kila moto ikisimama mbele ya nyumba, natoa batoto kwa mulango wa nyuma.